Safari ya kusajiliwa kuwa mwanasaikolojia Afrika Kusini

Shahada ya kwanza ya saikolojia pekee haimruhusu mhitimu kutibu wagonjwa. Nchini Afrika Kusini, mwanafunzi husomea shahada hiyo kwa miaka 3, huongeza mwaka 1, ndipo aombe nafasi ya shahada ya uzamili. Nafasi hizo ni adimu na hugombewa na wengi. Anayefaulu hufanya kazi chini ya usimamizi wa mtaalamu kwa miezi 12, na hutahiniwa na baraza la taaluma za afya, HPCSA. Mwanasaikolojia wa tiba hutumikia umma mwaka 1 zaidi.

Kabla ya kulipa karo, mwombaji athibitishe kwamba kozi yake imeidhinishwa na baraza hilo. Uzamili wa utafiti mtupu haumpi mtu idhini ya kutibu.