Kayumba, Inglishi Midiamu na Mtoto wa Unyamwezi

Mjadala wa lugha ya kufundishia nchini Tanzania una kambi mbili, na zote zimemsahau mtoto wa Uyui, Sikonge na Kaliua, huko mkoani Tabora. Kambi ya kwanza ni ya wazazi na wenye shule binafsi: mtoto aanze Kiingereza chekechea, asije akahangaika kidato cha kwanza. Ya pili ni ya wasomi, tangu Tume ya Makweta ya 1982, iliyotaka Kiswahili kipande hadi sekondari na chuo, mpaka LOITASA, mradi wa utafiti wa lugha ya kufundishia ulioanzishwa 2002 na kina Birgit Brock-Utne, Zubeida Desai na Martha Qorro. Kwamba mtoto hujifunza vizuri zaidi kwa lugha anayoielewa halina ubishi; UNESCO ililisema mwaka 1953 na sina la kuongeza.

Ubishi wangu uko kwingine. Hoja ya kina Qorro ilijengwa juu ya mwanafunzi wa sekondari, ambaye Kiswahili anakijua tayari. Wengi wameichukua hoja hiyo na kuishusha hadi darasa la awali bila kuipima upya, kana kwamba kila mtoto wa miaka mitano nchini huamka na Kiswahili kinywani. Vijijini Unyamwezi sivyo. Huko shule ya serikali, ile inayoitwa Kayumba kwa dharau, ndiyo hasa shule ya kumtumbukiza mtoto katika lugha mpya. Mzazi wa huko hachagui kati ya lugha ya nyumbani na lugha ya kigeni. Anachagua kati ya lugha mbili ambazo mwanawe hajui hata moja.

Mjini Tabora mambo ni tofauti, na sababu yake ni njia ya misafara. Wasafiri Waingereza Burton na Speke walipofika Kazeh, Tabora ya leo, mwaka 1857 walikuta makazi ya wafanyabiashara Waarabu na Waswahili yameshamiri, na Wanyamwezi wenyewe walikuwa wakienda pwani kwa upagazi na biashara zao. Mpagazi alirudi na kaniki, shanga na Kiswahili. Reli ilipoingia mjini mwaka 1912, kazi hiyo ilikuwa imekwisha kufanyika. Kwa hiyo mtoto wa Gongoni, Ng'ambo au Isevya kwa kawaida amezaliwa ndani ya Kiswahili, na kwake darasa la awali la serikali ni mwendelezo wa baraza la nyumbani. Lakini ukitoka nje ya manispaa, lugha ya kisimani na malishoni ni Kinyamwezi au Kisukuma.

Je, umbali kati ya lugha hizo na Kiswahili ni mkubwa kiasi gani? Hapa nategemea ushahidi mdogo ambao naona una uzito zaidi ya madodoso mengi: kuhesabu hadi kumi, kazi ya kwanza ya darasa la awali popote. Mtoto wa Sikonge anakuja na mizizi ya bili, datu, ne, taano. Mwalimu anasema mbili, tatu, nne, tano, na mtoto anasikia sauti ya jamaa. Kisha wanafika sita na saba, maneno yaliyotoka Uarabuni, na daraja linakatika, maana yeye anasema mukaaga na mpungati. Nane inaunganisha tena. Tisa inakatika, ingawa wazee wa pwani waliosema kenda wangeelewana naye bila mkalimani. Kumi ni kumi. Ukitazama ngeli, viambishi vya nafsi na mpangilio wa sentensi, hali ni hiyohiyo: tofauti zipo, tena za kutosha kumnyamazisha mtoto aliyeachwa peke yake, ila chini yake kuna msingi mmoja wa Kibantu. Mpe mtoto huyohuyo wan, tuu, thrii. Hapo hana hata mahali pamoja pa kushika. Atakariri hadi kumi, ataimba kwenye mahafali ya chekechea akiwa amevaa joho, na mama atalia kwa furaha. Kukariri kule tusikuite lugha.

Watetezi wa Kiingereza cha mapema hupenda kutaja Canada, ambako mwaka 1965 wazazi wa St. Lambert, karibu na Montreal, walianzisha darasa la watoto wao wanaozungumza Kiingereza lililofundishwa kwa Kifaransa tu. Watafiti Wallace Lambert na Richard Tucker waliwafuatilia watoto hao, na kitabu chao cha 1972 kilionyesha watoto walijua Kifaransa bila kupoteza Kiingereza. Sawa. Lakini mwalimu wa St. Lambert alikuwa anakimudu Kifaransa kwelikweli, wazazi walikuwa watu wa tabaka la kati, na Kiingereza cha nyumbani kilikuwa na heshima na baadaye kikafundishwa shuleni. Katika chekechea nyingi za miji yetu, mwalimu wa kike aliyetoka kidato cha nne anaongea Kiingereza cha amri: sit down, stand up, keep quiet. Amri zikiisha anarudi kwenye Kiswahili, na ni busara kurudi, maana vinginevyo siku nzima ingepita kimya. Mwanaisimu Casmir Rubagumya alishaziita shule za Kiingereza soko jipya la lugha, na soko huuza kinachonunuliwa.

Hata hivyo sitaki kuipamba Kayumba. Kiwango rasmi ni watoto 25 kwa mwalimu mmoja wa awali, na kila anayezijua shule zetu anajua kwamba kiwango hicho kinabaki kwenye karatasi, hasa tangu elimu bila ada ilipoanza Januari 2016. Chekechea binafsi ina darasa dogo, choo kinachofungika na basi. Mzazi anayelipia vitu hivyo ana haki ya kuvilipia, ili mradi ajue kwamba hajanunua Kiingereza.

Kuonyesha kwamba mtoto huvuka mwenyewe, hutajwa pia Nyerere, aliyeingia Mwisenge, Musoma, mwaka 1934 na Kizanaki chake na kufikia 1937 yuko Tabora School. Mfano huu unapendwa mno na hauthibitishi kitu. Walionyamaza darasani mpaka wakaacha shule hawaandikiwi wasifu.

Kinachothibitisha zaidi ni mpango wa EQUIP-Tanzania, uliofadhiliwa na Uingereza kuanzia 2014, Tabora ikiwa miongoni mwa mikoa yake. Ulianzisha masomo ya wiki chache ya kuwaandaa watoto wasiopitia awali, yakiongozwa na wasaidizi kutoka kijijini hapohapo, kwa hadithi, michezo na mazungumzo. Msaidizi aliijua lugha ya mtoto, hivyo angeweza kumvusha kuingia Kiswahili badala ya kumsubiri ng'ambo ya pili. Hicho ndicho St. Lambert ilikuwa nacho na chekechea zetu hazina: mtu mzima anayezimudu lugha zote mbili.

Pingamizi kubwa ni kidato cha kwanza: kila kitu kinageuka Kiingereza na mtoto wa Kayumba anazama. Ni kweli anazama. Lakini dawa ya tatizo la miaka kumi na mitatu si kulihamishia miaka minne. Mtaala mpya unaanza somo la Kiingereza darasa la kwanza, na mahali pake ni hapo, kama somo, juu ya Kiswahili kilichokwisha kusimama.

Kwa mzazi wa mjini, basi, Kayumba inatosha, na akiwa na fedha azipeleke kwenye vitabu vya hadithi. Kwa mzazi wa Uyui nasema Kayumba ndiyo bora, ila nasema hivyo kwa sharti linaloihusu Wizara ya Elimu zaidi kuliko yeye. Sera ya Utamaduni ya 1997 inazitaja lugha za jamii kuwa hazina, lakini sera ya elimu haijazipa kazi darasani, na mwalimu wa awali anayemweleza mtoto kwa Kinyamwezi anafanya hivyo kwa kujificha, mkaguzi asije akamkuta. Utolewe waraka mmoja unaomruhusu kutumia lugha ya mtoto katika mwaka wa awali, na walimu wanaoijua wapangwe kwenye madarasa hayo kwanza.