Ukarabati wa malori ya kijeshi ya zamani

Ukarabati wa malori ya kijeshi ya zamani ni kazi ya kukagua na kutengeneza lori lililoundwa kwa ajili ya jeshi ili litumike tena kwa usalama katika barabara za raia. Mifano ya malori hayo ni GMC CCKW ya Marekani na Bedford RL ya Uingereza. Kwa kuwa injini huzungusha magurudumu ya mbele na ya nyuma, hufaa katika njia za udongo zinazoteleza wakati wa mvua, kama zile za wilaya za Mbulu na Hanang (kwa mfano kata ya Gendabi) katika Mkoa wa Manyara, Tanzania.

== Historia ==
Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, mashine nyingi za kijeshi ziliuzwa kwa matumizi ya kiraia. Katika Mpango wa Karanga wa Tanganyika, ulioanza Kongwa mwaka 1947, Waingereza walitumia matrekta ya mitumba kutoka akiba ya jeshi huko Ufilipino. Vifaru vya Sherman pia viligeuzwa kuwa matrekta yaliyoitwa Shervick. Mengi ya matrekta yaliharibika mapema, huku vipuri vikikosekana. Ubovu huo, pamoja na ukame na udongo mgumu, ulichangia mpango kuachwa mwaka 1951.

== Ukaguzi ==
Injini kuwaka si dalili kwamba lori ni zima. Ukaguzi huanza na sehemu zinazolisimamisha na kuliongoza:

* '''Fremu''': hugongwa kwa nyundo ili kutafuta kutu na nyufa, hasa penye springi.
* '''Breki''': mafuta ya breki hufyonza unyevu, hivyo silinda hushika kutu ndani. Mipira na mabomba ya zamani hubadilishwa. Lainingi za zamani huweza kuwa na asibesto, kwa hiyo vumbi lake halipulizwi kwa upepo.
* '''Usukani''': huangaliwa kama una mchezo, pamoja na kingpini.
* '''Tairi''': huweza kupasuka kwa uzee hata kama kashata hazijaisha. Tangu mwaka 2000 tarakimu nne ubavuni huonyesha wiki na mwaka wa kutengenezwa.
* '''Umeme''': malori mengi ya kijeshi hutumia volti 24.

== Hatari ya rimu ==
Baadhi ya malori yana rimu za vipande viwili vilivyofungwa kwa nati. Fundi akifungua nati hizo badala ya zile za gurudumu wakati tairi lina upepo, rimu huweza kuruka na kumuua. Katika jeshi la Uingereza nati hizo zilipakwa rangi nyekundu. Upepo wote hutolewa kwanza, na tairi hujazwa ndani ya kizimba cha chuma.

== Sheria ==
Nchini Tanzania, ubora wa magari barabarani husimamiwa chini ya Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973. Usajili wa magari ya raia hufanywa na Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA).