Njiwa Anajua Kurudi Tu

Babu alikuwa mfugaji wa njiwa. Akinunua wapya sokoni, aliwafungia bandani wiki kadhaa. Nilipomlalamikia, alinijibu, "Mjukuu wangu, nikiwafungua leo, kesho wako kwa mwenyewe." Nilikuja kumwelewa vizuri niliposoma habari za Paris.

Septemba 1870 majeshi ya Prussia yaliuzingira mji huo. Nyaya za telegrafu zilikatwa na barabara zikafungwa. Barua za kutoka zilipata njia: zilipakiwa kwenye maputo yaliyopita juu ya vichwa vya adui. Lakini puto hufuata upepo, na kulirudisha mjini haikuwezekana. Watu wa Paris waliandika bila kujibiwa.

Ndipo wakakumbukwa njiwa. Wengi hudhani njiwa wa barua hutumwa popote, kama tarishi. Sivyo, anajua njia moja tu, ya kwao. Ili Paris ipokee barua, ilibidi kwanza iwatoe njiwa wake. Walisafirishwa kwa maputo, kisha wakapelekwa Tours, zaidi ya kilomita 200 kutoka bandani kwao. Mpiga picha René Dagron, ambaye naye alitoka Paris kwa puto mwezi Novemba, alizipunguza kurasa za barua kwa kamera hadi zikaenea kwenye vipande vidogo vya filamu. Njiwa mmoja aliweza kubeba maelfu ya jumbe ndani ya kijineli kilichofungwa kwenye unyoya wa mkia. Zikifika, zilimulikwa ukutani na makarani wakazinakili.

Waliachiwa njiwa zaidi ya 300. Wengi hawakufika. Baridi ilikuwa kali, na njiani kulikuwa na ukungu, vipanga na bunduki. Mjini nako njaa iliwafikisha watu kula paka, panya, hata tembo wawili wa bustani ya wanyama. Njiwa aliyeponea njiani alikuwa anarudi kwa watu wenye njaa.

Baadaye walijengewa mnara wa kumbukumbu, na hadi leo husifiwa kwa uaminifu. Mimi naona sifa hiyo si yao. Njiwa hutafuta njia kwa jua, kwa usumaku wa dunia na kwa harufu. Vita vya Wafaransa havikumhusu. Alitolewa kwao, naye alitaka kurudi. Barua ilidandia tu.

Babu alipofariki, njiwa wake tulimpa jirani wa mtaa wa pili. Kesho yake alfajiri walikuwa juu ya bati letu.