Neno 'gin': Pamba, gongo na mtego

Na Mwandishi Wetu, Nyashimo

NENO la Kiingereza 'gin' lina herufi tatu tu, lakini kwa mkulima wa Nyashimo, makao makuu ya Wilaya ya Busega mkoani Simiyu, maana yake ya kwanza si ile inayotajwa zaidi mijini. Mjini ni pombe kali. Usukumani ni mashine ya kuchambulia pamba, na humo ndimo lilimotoka neno 'jineri'.

Maana hiyo ni ufupisho wa 'engine', yaani mtambo. Mmarekani Eli Whitney alipata hataza ya mashine yake mwaka 1794. Kazi ilirahisika, lakini mashamba ya pamba yalipanuka na idadi ya watumwa nchini humo ikapanda kutoka takriban 700,000 mwaka 1790 hadi karibu milioni nne mwaka 1860.

Kinuni, kilo tatu za pamba mbegu hutoa takriban kilo moja ya nyuzi; sehemu kubwa inayobaki ni mbegu, ambazo hukamuliwa mafuta na mashudu yake kulishwa mifugo. Mkulima hulipwa kwa pamba mbegu, ilhali bei ya soko la dunia ni ya nyuzi. Asiyeijua tofauti hiyo hudhani ameibiwa hata pale ambapo hakuibiwa, na anaweza pia kuibiwa asijue.

'Gin' ya kinywaji haina undugu na mtambo. Imefupishwa kutoka 'genever' ya Kiholanzi, jina linalotokana na mti wa mreteni. Ndiyo iliyoipa gongo jina la Kiingereza la 'Nubian gin', linalonasibishwa na askari wa Kinubi wa majeshi ya kikoloni. Nchini Uganda, 'waragi' huelezwa kuwa ni matamshi ya 'war gin', yaani gin ya vita. Wapikaji wa gongo nchini Tanzania hukumbana na Sheria ya Moshi ya mwaka 1966.

Ipo pia 'gin' ya mtego wa chuma wenye meno, unaobana mguu wa mnyama. Hiyo nayo imetoka kwenye mtambo. Kwa wakazi wa Lamadi, jirani na Hifadhi ya Taifa ya Serengeti, kutega wanyamapori bila kibali ni jinai. Mchezo wa karata wenye jina hilo haujulikani sana huku.

Wafasiri wa habari za pamba wanapoandika 'jini' badala ya kinu, msomaji hufikiria pepo, neno lililotoka Kiarabu na lisilohusiana na lolote kati ya hayo.