Baruti: dawa ya moto iliyogeuka kuwa silaha

Siku hizi mtu akisikia neno baruti, anafikiria masasi na mabomu. Lakini kwa Kichina inaitwa huoyao, njo kusema "dawa ya moto". Jina hilo linakumbusha kwamba haikuanzia kwa askari.

Katika karne ya 9, wakati wa ufalme wa Tang, wataalamu walichanganya madini wakitafuta dawa ya kurefusha maisha. Andiko moja la zamani zile linaonya: wengine walipasha moto salfa, shura na asali, moto ukaruka, ukawaunguza mikono na uso, hata nyumba ikateketea.

Mwaka 1044, chini ya ufalme wa Song, kitabu cha vita kiitwacho Wujing Zongyao kiliandika namna tatu za kutengeneza baruti. Shura ilikuwa kidogo, kwa hiyo baruti ile iliwaka kuliko kupasuka. Ilifungwa kwenye mishale ao ikatupwa kwa mitambo ya kurusha mawe.

Mwaka 1132 mji wa De'an ulizungukwa na adui. Chen Gui, aliyeulinda, alitumia mianzi mirefu iliyojaa baruti, yenye kutema moto. Ilisaidia kuchoma madaraja ya mbao ambayo adui alitaka kupandia ukutani. Huyo njo babu wa bunduki.

Wafalme wa Song walikataza kuuzia wageni shura na salfa. Haikusaidia. Mwaka 1221, Wajin, adui zao wa kaskazini, waliwarushia watu wa Song mabomu ya chuma kule Qizhou. Mwaka 1232 Wajin nao walizungukwa na Wamongolia katika mji wa Kaifeng. Walijitetea kwa mabomu hayo hayo, lakini ufalme wao ulianguka mwaka 1234.

Mwaka 1259 Song walikuwa na mwanzi wa kurusha kitu kama risasi. Kisha shaba ikachukua nafasi ya mwanzi: bunduki ndogo iliyopatikana Heilongjiang inakadiriwa kuwa ya mwaka 1288 hivi. Ina urefu wa sentimeta 34 hivi na uzito wa kilo 3 na nusu.

Mwaka 1326 picha ya mzinga ilikuwa tayari imechorwa Uingereza. Hivi njo siri ya silaha: kila aliyeshika baruti alitaka kuifungia kwake, na kila mara ilimrudia kutoka upande wa adui.