Muadhini Asiyeona wa Madina na Ajira za Ndugu Zetu wa Nalasi

Waislamu wengi wanapotajiwa Abdullah bin Ummi Maktum (r.a.) hukumbuka Suratu Abasa, na mazungumzo huishia hapo. Sisi tunataka kumtazama sahaba huyu kama mtu aliyekuwa na kazi.

Katika Msikiti wa Mtume (S.A.W.) Bilal (r.a.) aliadhini kungali usiku, na Ibn Ummi Maktum akaadhini ilipoingia Alfajiri. Zingatia ewe msomaji: adhana ya kuwazuia watu kula daku, ambayo wakati wake hujulikana kwa kutazama mbingu, alikabidhiwa mtu asiyeona! Imam Bukhari amepokea namna ilivyowezekana. Alikuwa haadhini mpaka aambiwe kuwa kumepambazuka. Basi. Sauti ya mwenye macho ndiyo iliyokuwa nyenzo yake ya kazi. Wala hakuwekwa pale kwa kuhurumiwa, kwani Mtume (S.A.W.) aliposafiri alipata kumwachia hata kuwasalisha watu wa Madina.

Mafakihi walijenga hukumu juu ya jambo hili. Imam an-Nawawi (aliyefariki 676 H/1277) ameeleza kuwa adhana ya asiyeona ni sahihi, na haina karaha akiwepo wa kumjulisha wakati. Kwa hiyo karaha inaondoka kwa kumpatia msaidizi. Hakuna aliyesema iondolewe kwa kumfukuza kipofu.

Sahaba huyo huyo alimlalamikia Mtume (S.A.W.) kuwa hana kiongozi anayemfaa wa kumfikisha msikitini. Karne ya kwanza ya Hijra haijaisha, Khalifa al-Walid bin Abdul-Malik (86-96 H/705-715) akalifanya hilo kuwa jukumu la dola. At-Tabari amepokea kuwa aliwapa wenye ukoma posho ili wasiombe watu, akampa kila kiwete mtumishi na kila kipofu mtu wa kumwongoza. Hatumsifu al-Walid kwa kila jambo, maana ndiye aliyembakisha al-Hajjaj madarakani. Lakini katika hili mali ya Waislamu ilifika mahali pake.

Tuje sasa Nalasi, upande wa Tunduru mkoani Ruvuma, kwenye mashamba ya korosho karibu na mpaka wa Msumbiji. Tuchukulie mwalimu wa madrasa aliyepofuka. Mara nyingi sisi humchangia sadaka ya Ijumaa na kumtafuta mwingine. Kumbe Qur'ani ameihifadhi kifuani. Anachohitaji ni mwanafunzi mkubwa wa kusahihisha maandishi ya watoto. Kamati ya msikiti inaweza kulipanga hilo katika kikao kimoja.

Aliyeajiriwa kwingine anayo sheria. Ile ya mwaka 1982 iliwataka waajiri wenye wafanyakazi 50 na zaidi waajiri walemavu asilimia 2. Iliyochukua nafasi yake, Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010, imeweka asilimia 3 kwa mwenye wafanyakazi 20 na zaidi, na inamtaka mwajiri arekebishe mazingira ya kazi yamfae mlemavu. Pa kuanzia ni kamati ya watu wenye ulemavu ya kijiji, ambayo sheria hiyo imeagiza iundwe, au afisa ustawi wa jamii wa halmashauri.

Imamu anaweza kumwandikia ndugu huyu barua, na afuatane naye hadi Tunduru mjini, kwani kwa asiyeona njia hiyo ina shida ile ile aliyoilalamikia Ibn Ummi Maktum.