Zilizopotea, Zilizotupwa, Zilizotelekezwa

Wavu wa nailoni uliobaki baharini bila mwenyewe huendelea kunasa. Samaki wanaofia humo huwa chambo cha kaa na samaki wengine, nao hunaswa vilevile. Ndiyo maana huitwa wavu mzuka. Jina hilo linaeleza vizuri madhara, ila halisemi wavu ulibakije huko. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa (FAO) lina istilahi ndefu zaidi, ambayo kwa Kiswahili naiandika hivi: zana za uvuvi zilizotelekezwa, zilizopotea au zilizotupwa.

Kupotea ni ajali. Dhoruba hukata kamba ya boya, wavu hukwama mwambani, au meli inayokokota wavu hupita palipotegwa jarife ikaondoka nalo. Kutupa ni makusudi: wavu umechanika na bandarini hapana pa kuuacha, au wavuvi haramu wanaficha ushahidi wakiona doria inakuja.

Kutelekeza ndilo neno ninalolipigania. Tunasema mtu ametelekeza mke na watoto, yaani amewaacha wale aliopaswa kuwatunza. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, baadhi ya meli zilizotega majarife ya papa kwenye kina kirefu, magharibi ya Uingereza na Ireland, zilikuwa na nyavu nyingi kuliko zilivyoweza kubeba. Zikienda bandarini kushusha samaki, nyavu zilibaki zikivua, na nyingine hazikurudiwa. Mwaka 2006 Tume ya Uvuvi ya Atlantiki ya Kaskazini-Mashariki ilipiga marufuku majarife kwenye kina kinachozidi mita 200 katika bahari kuu inayoisimamia. Nyavu zile hazikupotea. Wenye nazo walijua zilipo.

Sheria nayo inahitaji tofauti hii. Kiambatisho cha V cha MARPOL, mkataba wa kimataifa wa kuzuia meli zisichafue bahari, kinakataza kutupa nyavu za plastiki baharini, lakini kinasamehe zana iliyopotea kwa ajali ikiwa tahadhari zote zilizostahili zilichukuliwa. Norwe humtaka mvuvi aliyepoteza zana aitafute, na akiikosa atoe taarifa. Kila mwaka serikali hutuma chombo kuziopoa. Mvuvi ataripoti kwa hiari akijua hatahesabiwa mhalifu. Basi “wavu mzuka” libaki kwenye mabango ya kuelimisha umma, na fomu za maofisa uvuvi ziwe na vitenzi vyote vitatu, mvuvi aweke alama panapomhusu.